Uzito wa Kiti cha Nyuma

Dirisha la jikoni kwangu linatazama kilima cha kanisa, na msimu wa baridi sina haja ya televisheni. Kilima chetu hapa Tallsele, kaskazini mwa Uswidi, si kirefu, ila kimesimama kama ukuta, na barafu ikishakaa juu yake kila dereva anapata anachostahili. Nimewaona waheshimiwa wa mjini wakishuka kinyumenyume, usukani wameukumbatia, nyuso zimewaiva kwa aibu. Nacheka mpaka machozi, kisha nawaita ndani niwamiminie kahawa. Roho yangu mbaya kidogo, lakini uchoyo sina.

Niseme mapema niko upande gani. Magari yote yana magurudumu manne. Ugomvi wa kijiji hiki ni mangapi yafanye kazi. Mimi Asta ni mtu wa magurudumu ya nyuma. Gari linalosukumwa kwa nyuma linakufunza adabu, maana ukikanyaga mafuta kwa pupa linakugeuza ukatazama ulikotoka. Hizo fowili zenu, ambazo injini inazungusha yote manne, zinapanda hata akiendesha mpumbavu. Tabu ni kwamba mpumbavu akishafika juu anaamini na breki zimeongezeka. Nusu ya magari yanayovutwa kutoka mtaroni hapa ni fowili, na kila ninapoliona moja nafurahi sana.

Hilding Åkerström alikuwa mtu wa magurudumu ya nyuma kunishinda mimi. Alikuwa na Volvo ndefu, kuukuu, rangi ya matope, aliyoinunua zamani pamoja na mkewe Elsa. Maisha yake yote alikuwa fundi wa misumeno kiwandani, na kelele za misumeno zilimfanya aone kuongea ni kazi bure. Ukimsalimia Jumatatu, anakuitikia Jumanne. Elsa ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba ile. Alipofariki, Hilding alibaki na gari, na kimya, na kiti cha mbele cha abiria ambacho hakuruhusu mtu akikalie. Aliweka kofia yake pale.

Msimu wa baridi uliofuata alikwama kilimani mbele ya dirisha langu. Magurudumu ya nyuma yalizunguka kama feni, gari likabaki pale pale. Ndipo Valborg akatoka getini kwake. Valborg ni jirani yetu aliyeendesha basi la shule mpaka alipostaafu, mjane, mwanamke wa mwili hasa, na anajivunia kila kilo. Alilizunguka gari, akafungua mlango wa nyuma, akajitupa katikati ya kiti, juu kabisa ya ekseli ya magurudumu yanayosukuma.

"Haya, kanyaga," akasema. "Taratibu! Huyo si ng'ombe."

Gari likapanda kama limesukumwa na mkono.

Tangu siku hiyo kila Alhamisi mambo yakawa hivyo. Hilding anasimama getini, Valborg anatoka na kikapu, anakaa nyuma katikati kama malkia, wanapanda kilima wakielekea mjini. Wananunua vitu vyao, wanakula supu ya njegere na chapati za maji zenye jamu mkahawani, kama watu wote wenye akili wanavyokula Alhamisi, wanarudi. Valborg anaongea njia nzima. Hilding anaendesha.

Sasa, chini ya kilima lipo sanduku la mchanga wa serikali ya mtaa, wa bure, kila mtu achote. Wenye magari yanayosukumwa kwa nyuma wote hapa hujaza magunia na kuyatia kwenye buti la gari, yakandamize magurudumu, kabla theluji haijakaa. Nikamuuliza Hilding mbona yeye hafanyi kama wenzake.

"Mchanga unachafua buti," akanijibu.

Buti lile lilishabeba nusu ya mnyama mkubwa wa kuwindwa msituni, damu ikichuruzika. Si kila uongo unahitaji kufukuzwa.

Halafu likatokea la kutokea. Walikuwa wanarudi, mvua ilikuwa imenyesha juu ya barafu, na penye kona ya chini gari likapepesuka nyuma, likazunguka lote, likaingia kinyumenyume kwenye lundo la theluji. Nilitoka na koleo huku nakimbia. Nilimkuta Valborg ndani anacheka, chapati alizofungiwa zimemwagika mapajani. Hilding alikuwa amesimama nje, mweupe kuliko theluji.

"Umeumia? Valborg, umeumia?"

"Nimeumia jamu, baba. Tazama sketi yangu! Nitoe humu."

Hilding hakucheka. Usiku ule taa yake haikuzimwa mapema, na wiki ile ile mwanawe Ronny akaja kutoka Sundsvall kumpeleka kuangalia magari.

Dukani tulibishana mpaka kahawa ikapoa. "Hilding, usitutie aibu," nilimwambia. "Fowili ni gari la watu wasiojua kuendesha."

"Mama Asta, baba ni mtu mzima sasa," Ronny akadakia. "Unataka apinduke?"

"Mimi nataka anyamaze mtoto aliyeingia mtaroni mara ngapi vile?"

Ronny akajifanya anasoma bei ya siagi. Hilding alisukuma kikombe chake kando, kisha akasema maneno yake yote ya mwezi ule kwa mpigo. "Kama ni mimi peke yangu, ningebaki na lile. Lakini siko peke yangu humo ndani." Akavaa kofia akaondoka.

Nilimwelewa. Aliyepaswa kuelewa hakuwepo dukani.

Alhamisi iliyofuata fowili ya kijani, mpya ya Hilding, ilianza kupanda kilima chetu bila hata kukohoa. Iliniudhi sana. Ikasimama getini kwa Valborg, naye akatoka, kikapu mkononi, skafu imefungwa vizuri. Nikafungua dirisha kidogo. Baridi ilinichoma masikio, lakini kuna mambo mtu hawezi kuyaacha.

Valborg aliyatazama magurudumu, moja baada ya jingine.

"Linapanda lenyewe?"

"Linapanda," akasema Hilding.

"Bila uzito?"

"Bila uzito."

"Basi hongera," akasema Valborg, akageuka na kikapu chake kitupu akarudi ndani.

Jibu la Hilding lilikuwa la kweli, na ndilo lililomponza. Huku kwetu humwendei mtu hivi hivi. Unakwenda kuazima ngazi, unakwenda kurudisha ngazi, unakwenda kuuliza kama ngazi ilifika salama. Mtu akibisha hodi bila sababu tunadhani kuna msiba. Sababu ya hao wawili ilikuwa ni kilima, na Hilding, kwa kumwogopea yule mama, alikwenda kununua gari lililokifuta.

Alhamisi nyingine alikwenda peke yake, akarudi mapema mno. Nikamwita.

"Umekula supu?"

"Sikukaa."

"Kwa nini humwambii apande?"

"Hana haja ya kupanda. Ana basi."

"Na basi litamnunulia chapati? Hilding, mwambie tu njoo!"

"Njoo kufanya nini?" akaniuliza, na hakuwa anatania. Alikuwa anaomba msaada kwangu, niliyezaliwa humu humu. Nilimpa mkate wa mdalasini. Valborg naye upande wake nilimwona akifagia theluji kwenye ngazi ambazo hazikuwa na theluji, kila gari lile lilipopita. Niliwakasirikia wote wawili mpaka nikaunguza uji.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa nje nikisukuma theluji langoni. Nakiri nilikuwa nimeshamaliza zamani. Fowili ikaja, ikasimama getini kwa Valborg, na safari hii Hilding akazima injini. Kwa mtu kama yeye, kuzima injini ni hotuba.

Valborg akatoka na ufagio.

"Kuna nini? Limeharibika?"

"Mbele kumekuwa kwepesi," akasema Hilding. "Linahitaji uzito mbele."

Valborg akauegemea ufagio. "Hilding. Mimi nimeendesha basi miaka yote ile. Fowili haihitaji uzito popote."

"Haihitaji," akakubali. Akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. "Hata lile la zamani halikuhitaji. Magunia ya mchanga ninayo bandani. Yamejaa tangu wakati wa Elsa."

Nilishika koleo langu nisiliangushe. Theluji ikadondoka kutoka kwenye msonobari.

"Najua," akasema Valborg.

"Unajua?"

"Msimu ule wa kwanza nilikuja kuazima koleo, hukuwepo, nikaingia bandani. Nikayakuta yamepangwa pale. Nikasema, ala! Basi mzee huyu ananidanganya." Sauti yake ikalegea. "Nikaona nidanganyike. Nyumbani kwangu hakuna wa kunidanganya."

Hilding akavaa kofia yake. Kisha akalizunguka gari, akafungua mlango wa mbele wa abiria. Kwenye kile kiti hapakuwa na kofia wala kitu.

"Kile cha lile gari kilikuwa cha Elsa," akasema. "Hiki hakijakaliwa na mtu."

Valborg alikuwa ameshaushika mlango wa nyuma kwa mazoea. Akauachia. Akauegemeza ufagio getini, akaja mbele, akaketi, gari likainama kidogo upande wake, akavuta mkanda.

"Mmh. Kiti kina joto."

"Kinapashwa na umeme."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipotoka nyumbani. Nilikiwasha."

"Kikapu sijachukua," akasema Valborg, lakini hakushuka.

Wakapanda kilima. Mimi, mtu wa magurudumu ya nyuma, nilisimama na koleo langu nikiomba walau tairi moja liteleze, ili nipate kuwatazama kidogo. Hakuna lililoteleza. Kabla hawajafika juu nilimsikia Valborg, ingawa kioo kilikuwa kimefungwa: "Taratibu, Hilding! Tuna haraka gani?"

Na lile gari likapunguza mwendo.