Kuni Zilizolowa na Motokari Nyeusi ya Buloko

Wenzangu wa rika langu, nyinyi mliokulia Fizi kule mlimani, najua hamjasahau zile motokari za buloko, gereza letu. Wajukuu wangu nikiwasimulia wanacheka, wanasema bibi ameota. Sijaota. Enzi zetu, mara moja kwa mwaka, mlango wa gereza ulifunguliwa na watu wakaingia kwa miguu yao wenyewe, tena wakisukumana.

Ilikuwa hivi. Wabeleji walipoondoka waliacha motokari zao. Zile zilizokufa zilikokotwa mpaka uwanja wa gereza, kwa sababu hapo ndipo palikuwa na ukuta na walinzi. Kati ya wafungwa alikuwemo fundi mmoja, Papa Alimasi, mtu wa Baraka, aliyefungwa kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Huyo alizifungua motokari zile, akazifunga tena, akazipaka mafuta ya mawese mpaka inzi wakateleza juu yake. Jumapili ya mavuno, komanda wa gereza alizipanga nne mstari mmoja, akaita Wakatoliki na Waprotestanti wote waje kutazama.

Kiingilio kilikuwa chakula cha wafungwa. Mikono mitupu haikupita. Bamama wa Baraka walipanda mlima na ndakala, dagaa waliokauka, wa Fizi walileta muhogo na maharagwe, na sisi watoto tulileta kuni. Mwaka ule komanda akatangaza neno lililoninyima usingizi: mtoto atakayeleta mzigo mzito kupita wote atakaa mbele, ubavuni mwa Papa Alimasi, ndani ya ile motokari nyeusi, azungushwe uwanjani.

Mimi nilikuwa sijapanda motokari hata siku moja. Shule niliachishwa mwaka wa pili ili nilee wadogo zangu. Wenzangu walikuwa na daftari, walikuwa na wimbo wa asubuhi. Mimi nilitaka ile nyeusi, basi.

Siku tatu nilikata kuni na Sifa, mtoto wa jirani. Kila nikipima kwa macho, mzigo wake ulikuwa sawa na wangu. Mama alizoea kuniambia, “We mutoto, kichwa yako iko na mambo mingi kupita nywele.” Hakukosea. Jumamosi mchana nilibeba mzigo wangu mpaka mtoni, nikauzamisha, nikaweka mawe juu. Kuni zikanywa maji mpaka asubuhi. Nilipojitwika, shingo ilizama katikati ya mabega, na njia nzima maji yalinitiririkia mgongoni. Nilitembea nikicheka peke yangu kama mwenda wazimu.

Ndani ya buloko, ah! Harufu ya petroli, ya mawese, ya maharagwe yanayochemka katika pipa. Wafungwa wamevaa mashati yaliyofuliwa, kila mmoja amesimama karibu na motokari yake kama baba siku ya ubatizo. Bibi mmoja aliiamkia motokari, akangoja ijibu. Mama Riziki, muuza ndakala, alijiona katika kioo cha pembeni, akatengeneza kitambaa cha kichwa na kukataa kutoka hapo.

“Sogea, na sisi tujione!” wenzake wakamfokea.

“Mungoje. Mi sijajimaliza.”

Papa Alimasi akaanza kuinua mizigo ya watoto, mmoja mmoja. Wa Sifa aliuinua, akaguna. Wangu aliuinua, akainama nao. Halafu akatazama viganja vyake.

“Mutoto, kuni zako zimetoka kuoga?”

“Ni mvua, Papa.”

“Mvua ya wapi? Hii juma ya pili tunakula vumbi!”

Uwanja mzima uliangua kicheko, wafungwa, walinzi, hata komanda akashika tumbo. Mpishi akapiga kelele kwamba kwa kuni hizo maharagwe yataiva Krismasi. Nilitamani ukuta unifunike. Sifa akapandishwa mbele, amenyooka kama mke wa chefu wa kijiji, na mimi nikabaki na kanga iliyolowa.

Lakini ile nyeusi haikuwaka. Papa Alimasi alijaribu, ikakohoa, ikanyamaza. Akatoa kichwa dirishani. “We mubeba-maji! Nguvu unayo. Kuja usukume!”

Nikasukuma, mimi na wafungwa sita. Miguu iliteleza, bamama wakapiga vigelegele, na ghafla ikanguruma! Ikakimbia, moshi ukatufunika. Ikazunguka uwanja mara moja, kama ilivyoahidiwa. Ikaanza ya pili.

“Papa, inatosha!” Sifa akalia.

“Mi pia najua inatosha! Freni ndiyo haijui!”

Hapo bamama wakakimbilia ukutani na masufuria yao. Ilipopita mbele yangu sikuwaza. Niliruka kwenye kipandio cha pembeni, nikashika dirisha kwa mikono miwili. Sifa alikuwa amefumba macho, anaomba. Mimi niliyafumbua yote. Niliona ukuta unakimbia, pipa la maharagwe linakimbia, komanda anakimbia na kofia mkononi, na mama yangu amesimama mdomo wazi. Nilicheka mpaka mate yakaruka. Tulizunguka mara tatu zaidi, mpaka petroli ikaisha na motokari ikalala yenyewe.

Mama alinishika sikio tangu kipandioni mpaka nyumbani. Adhabu: kupeleka kuni kavu buloko kila Jumamosi, mwezi mzima. Nilizipeleka, na sikulia.

Leo watoto wetu wanapanda moto, pikipiki hizi, kwenda kununua chumvi nyumba ya tatu, macho kwenye simu, hata hawajui wamepita wapi. Ukiwaambia wapeleke muhogo kwa wafungwa, wanauliza kwani ni ndugu zetu? Zamani hatukuuliza. Tulikula maharagwe yao, nao walikula ndakala wetu, na tulicheka pamoja.

Sifa mpaka sasa anajivuna kwamba ni yeye aliyekaa mbele. Sawa, alikaa. Lakini nikimuuliza aliona nini, mwanamke huyo ananiuliza kama kuni zangu zimeshakauka.