Dumu la Petroli Stoo

Nimerudi Same na stashahada yangu, na nyumba hii nimeijenga kwa jasho langu mwenyewe. Lakini nikinusa petroli, akili inarudi utotoni, kijijini Ndungu.

Kaka alikuwa ananusa gundi ya kuzibia pancha. Macho yalimwiva, midomo ikatoka vidonda, akawa anacheka ovyo. Baba akamfungia stoo.

"Humo gundi huipati!" akasema, akaondoka na ufunguo kwenda shambani.

Mle ndimo tulimoweka petroli ya pawatila ya kulimia mpunga.

Harufu ikapenya chini ya mlango. "Kaka, usinuse!"

Akacheka. "Tulia, mdogo wangu. Leo hata baba hanipati."

Nikakimbilia majarubani kumwita baba. Tuliporudi, kufuli lilifunguka upesi. Mlango ndio uliogoma, maana kaka alikuwa ameulalia kwa ndani, hapumui tena.