Safu ya Mume

Kalamu nyekundu ndiyo iliyonitia aibu. Mimi ni mwalimu wa hasira za karibu, na nikiona uongo kwenye karatasi mkono wangu hautulii. Siku hiyo niliandika UONGO kwa herufi kubwa juu ya fomu ya msichana wa kidato cha tatu, nikaiinua darasani ili kila mtu aione. Wenzake wakacheka. Yeye hakulia. Alinitazama tu kana kwamba nimemkanyaga mtu aliyelala.

Nilikuwa nikifundisha Nuu, huko Kitui, mbali na kwetu Kilungu, na shule ilikuwa imenikabidhi wanafunzi sita wafanye utafiti wa jinsia: katika nyumba za hapa, mume anafanya kazi gani tangu asubuhi hadi jioni, na mke anafanya gani. Fomu niliichora mwenyewe. Kushoto safu ya mke, kulia safu ya mume. Kila mwanafunzi angeanza na nyumba yao, kisha aende kwa majirani. Niliweka sharti moja, nikalirudia mpaka wakalichoka: safu ya mume ijazwe kwa majibu ya mume mwenyewe, si ya mkewe. Wanawake wetu wamezoea kuwasemea waume zao, niliwaambia, na utafiti wa kusemewa ni porojo tu.

Fomu ya yule msichana ilifuata sharti hilo. Mume, umri, miaka arobaini na mmoja. Kuchota maji: hapana. Kutafuta kuni: hapana. Hulala saa ngapi: halali. Ugonjwa: hana. Mapumziko: siku nzima. Nani hukata shauri mbuzi akiuzwa: yeye. Chini, mahali pa sahihi, hapakuwa na wino wowote, ila alama hafifu ya vumbi, kama kidole kimepita hapo. Nami nilijua, kwa maana walimu wenzangu walikuwa wameniambia, kwamba boma lile lina watu watatu: nyanya, mama, na msichana mwenyewe.

Baada ya vipindi alinifuata hadi kwenye chumba cha walimu. Kundi lilikuwa limeamua fomu yake itolewe kwenye ripoti tuliyotarajia kuipeleka kwenye mashindano ya shule Kitui mjini, nami nilikuwa nimekubali.

"Madam, si uongo," akasema. "Nimeandika vile alijibu. Mkitoa hiyo fomu mtakuwa mmesema baba hayuko. Sasa mimi nitakuwa mtoto wa nani?"

Nilimwambia kwamba Jumamosi ningekuja kwao nimwone huyo baba. Nilisema kwa kejeli, na mpaka leo inaniuma.

Nilifika saa nane mchana. Jua lilikuwa kali na hapakuwa na upepo. Kwenye kamba ya nguo palikuwa na shati la mwanamume, limepauka kwa kufuliwa miaka mingi, lakini ukosi wake ulikuwa mzima kabisa, bila ule uchakavu unaoletwa na shingo ya mtu. Halikuwahi kuvaliwa. Nyanya aliniona nikilitazama. Akaniambia kwa Kikamba kwamba hilo ni la nane, yale mengine yalikuwa yameanza kumbana.

Ndipo nikaelewa. Neno *iweto* nalijua tangu utotoni, ingawa kwetu sisi watu wa kanisa lilisemwa kwa sauti ya chini. Ni mke aliyeolewa na mwanamke mwenzake asiye na mtoto wa kiume, ili jina la nyumba lisipotee. Nyanya huyu, kama alivyonisimulia mwenyewe, alikuwa amezaa mvulana mmoja. Siku ya tatu mtoto akapewa jina, siku ya tano akafariki, na jina likabaki, likihesabiwa miaka. Alipofikisha umri wa kuoa, mama yake akamtafutia mke. Mke akaja, akazaa msichana. Nani alikuwa amemzaa kwa damu, sikuuliza na sikuambiwa.

Tuliingia ndani. Viti vilikuwa vinne na sisi tulikuwa wanne, lakini msichana aliketi mkekani. Kile kiti kilichobaki kilikuwa kimeelekezwa mlangoni. Tulimiminiwa chai sote, ila mbele ya kiti hicho hakikuwekwa kikombe. Nikauliza sababu, nikijaribu kufanya utani ili nipumue. Mama wa msichana akanijibu bila kutabasamu kwamba mwenye kiti alishakunywa.

Nilikuwa nimebeba fomu mpya. Nikaanza maswali upya, na kwa kila swali la mume yule mama aligeukia kiti, akategea sikio, kisha akanipa jibu. Majibu yalikuwa yale yale. Kufika swali la nne niligundua kwamba mimi pia nimegeuka, nangoja pamoja naye, kalamu ikiwa juu. Niliogopa, sifichi. Nilitaka kuinuka niende zangu. Nje kuku walikuwa wametulia wote, na ndani sikusikia ila pumzi zetu, ambazo kwa upuuzi wangu nilianza kuzihesabu, kisha nikaacha haraka.

Swali la mbuzi lilichukua muda zaidi. Kisha yule mama akazungumza kwa Kiswahili, labda ili nisije nikasema sikusikia vizuri.

"Anauliza kama na yeye anaweza kukuuliza kitu."

Nikasema anaweza. Kwa kinywa changu hiki.

"Anauliza, huko kwako, safu ya mume ilijazwa na nani?"

Fomu ya kwangu ilikuwa kabatini, katika nyumba yangu pale shuleni, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Niliijaza peke yangu nilipokuwa nikiyajaribu maswali. Mume wangu yuko Mombasa. Mara ya mwisho alipokuja, mtoto wetu mdogo alikuwa hajaota meno, na sasa mtoto anakimbia. Nilimjazia kila kitu. Maji, hapana. Kuni, hapana. Anayekata shauri, yeye. Hata sahihi nilimwigia. Hakuna mtu aliyewahi kuiona karatasi hiyo.

"Ni mimi," nikasema.

Yule mama akageukia kiti akalirudia jibu langu kwa Kikamba, taratibu, kama mtu anayemsomea mwenzake barua. Nyanya akaitikia kwa kichwa. Msichana pale mkekani aliinamisha uso, akashughulika na uzi wa sketi yake. Hakuna aliyenicheka.

Fomu ya msichana ikarudi kwenye ripoti, ile mpya isiyo na wino mwekundu, na yangu nikaitia humo bila jina. Siku ya mashindano nilimpa yeye asome matokeo. Alisoma vizuri, sauti haikutetemeka. Kisha jaji mmoja, mwanamume wa miwani, akamuuliza kama kweli waume wote katika utafiti huu walijibu wenyewe. Wenzake watano wakatazama chini. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, nikimwomba Mungu asichekwe mara ya pili kwa ajili yangu.

"Wote walijibu wenyewe," akasema, "isipokuwa mmoja. Huyo hakuwa nyumbani."

Akanitafuta kwa macho pale mbele. Hakunitazama kwa kisasi. Alinitazama kwa huruma, vile watu humtazama mwanamke aliyefiwa.