Agnela wa Moshono: Usimuulize Malaria Ngapi

Saa mbili asubuhi, foleni ya zahanati moja huko Moshono imeshafika getini. Ndani ya maabara, Agnela Kimaro anashika kidole cha mtoto, anakipaka spiriti, anakichoma na kumtania mwenye kidole kabla hajakumbuka kulia. Tone la kwanza linakwenda kwenye kioo cha hadubini. La pili linanyonywa na kijikaratasi kilichochomekwa kwenye kipimo cha mkononi, kidogo kama pakiti ya sigara.

"Malaria ngapi, daktari?" anauliza mama wa mtoto.

"Subiri kwanza, mama. Siku hizi sianzi na ngapi."

Tusijifanye hatujui. Arusha nzima tunahesabu malaria, yaani wadudu walioonekana kwenye kioo, kama mbuzi wa mnadani. Mwenye "malaria tano" hupelekewa uji na kuombewa jumuiyani. Mwenye "malaria moja" huambiwa ameze vidonge arudi kazini. Mwandishi wa makala haya naye amewahi kuringia malaria nne.

Agnela, mwenye umri wa miaka 43 na mzaliwa wa Kibosho, alianza kazi enzi za hadubini inayotegemea mwanga wa jua. Wingu likitanda, wagonjwa wanasubiri. Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, maduka ya dawa yakaota kila kona, na dawa ya malaria ikawa inanunuliwa kama pipi. Hapo ndipo, anasema, kuhesabu kulipozidi kutudanganya.

"Mtoto anapewa vidonge viwili vya dukani, homa haishi, ndipo analetwa. Kwenye kioo naona wadudu wachache. Kumbe wenzao wamejificha kwenye mishipa midogo ya ndani, hadi ya ubongo. Huko sindano ya kidoleni haifiki."

Kipimo cha mkononi kiliachwa na watafiti waliofika baada ya mvua za El Nino kupandisha malaria hadi milimani. Hakihesabu wadudu. Kinapima asidi inayojaa kwenye damu pale mishipa inapoziba na mwili kukosa hewa. Mtu mwenye afya huwa chini ya mbili. Ikivuka tano, malaria hiyo ni kali, hata kama kioo kinasema moja. Mganga wa zahanati, Dk. Ndesanjo Urassa, aliagiza kila mtoto mwenye homa apimwe.

Machi mwaka huu, agizo hilo lilikutana na Namnyaki Koikai.

Namnyaki ni mkulima na mfugaji wa magharibi ya Mlima Meru, kwenye baridi ambako mbu ni wachache na miili haijazoea malaria. Alikuwa ametoka kulima mpunga huko Magugu, bondeni kwenye mbu tele, na mwanawe Gidion, wa miaka mitatu. Mtoto akashikwa na homa, mama akamnunulia vidonge dukani, mtaa wa Kwa Mrombo, kisha akaja Moshono. Kioo kikasema malaria moja.

"Nilifurahi mno," anasema Namnyaki na kujicheka. "Moja! Mimi nimewahi kuwa na tatu na nikakamua ng'ombe. Nikamfunga mtoto mgongoni, safari ya nyumbani."

Lakini kipimo cha pili kilikuwa kimesoma saba. Dk. Ndesanjo akasema mtoto apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Namnyaki akagoma. Malaria moja na hospitali wapi na wapi? Gidion alikuwa anahema kwa nguvu na macho yameanza kulegea. Agnela akamfuata mama huyo hadi mlangoni.

"Nikamuuliza, mama Gidion, maziwa yakikaa kwenye kibuyu yanakuwaje? Akasema, yanachachuka. Nikamwambia, damu ya mtoto wako imeanza kuchachuka, na asidi yenyewe ni ileile ya kwenye maziwa."

Namnyaki anakumbuka alivyomfungua mtoto mgongoni. "Maziwa yakishachachuka hayarudi. Nikamuuliza, na damu je? Akasema, damu inarudi, tukiwahi."

Gari la parokia ya jirani likawashwa moto. Gidion alipata degedege njiani, na Agnela, aliyepanda nao, anakiri kuwa alisali rozari kwa sauti mbele ya Namnyaki, ambaye ni Mlutheri. Hospitalini akatundikiwa kwinini na maji ya sukari. Agnela akaendelea kupima: saba ikawa tano, tano ikawa tatu. Asubuhi ya pili mtoto akafumbua macho na kudai uji. Akapewa. Akadai mwingine.

"Nilitoka nje nikalia kama mjinga," anasema Agnela. "Furaha ile sijawahi kuipata tena."

Furaha hiyo imezaa mambo. Kuanzia Julai, watu wa maabara kutoka zahanati zinazozunguka mlima watakuja Moshono kufundishwa na Agnela, na kila mmoja ataondoka na kipimo chake. Anataka kazi hiyo iishe kabla ya masika yajayo.

Akina mama nao wataalikwa, kwani bila wao mtoto hafiki maabara. Huko Agnela amepata msaidizi: Namnyaki atawaeleza kwa Kimaasai.

"Mimi nitaonyesha kipimo, yeye ataeleza habari za maziwa. Ananishinda, mimi mifugo yangu ni kuku," anasema Agnela.

Na Gidion je, naye ana kazi siku hiyo?

"Sana," anasema Agnela. "Atakimbiakimbia pale mbele yao, wamwone."