Msimu Ambao Shangazi Alicheza Ulaya

Juzi nilipeleka gari gereji moja kule Mount Dennis kubadilishiwa matairi ya baridi. Majira haya watu wote wa Toronto hukumbuka matairi siku moja, kwa hiyo nikaambiwa nisubiri. Nikaketi kwenye kiti cha plastiki na kikombe cha kahawa mbaya, na ukutani kulikuwa na televisheni isiyo na sauti. Wanawake walikuwa wanacheza gofu. Nyasi mbichi, jua kali, miti ya kusini mwa Ulaya, na dada mmoja amechuchumaa anapima mteremko kwa jicho. Nilitoka nje kwenye baridi, koti nimeliacha kitini. Fundi akanifuata kuniuliza kama naumwa. Nikamjibu kwamba sijambo, maana ningeanzia wapi kumweleza?

Wewe nitakueleza, tena kwa utaratibu.

Nilikulia Malvern, huko mwisho wa Scarborough, kwenye zile nyumba za safu ambazo ukikohoa jirani anakupa pole. Tuliishi baba, mama, mimi, na Bibi mzaa baba. Shangazi, mdogo wake baba, alikuwa na chumba chake hapo hapo, ila mwaka ninaousimulia kilikuwa kitupu. Alikuwa Ulaya, anacheza gofu ya kulipwa.

Najua unacheka. Msichana wa Kichaga na gofu wapi na wapi? Hata kanisani, kwenye ibada ya Kiswahili, watu walimuuliza baba huyo dada yake ataolewa lini aachane na kamchezo hako. Lakini kwetu gofu haikuwa ngeni. Babu alikata nyasi kwenye klabu moja kule Moshi maisha yake yote, na hakuwahi kuruhusiwa kupiga mpira hata mmoja. Shangazi alianza na fimbo iliyovunjika mpini, ambayo mzungu mmoja aliitupa na Babu akaiokota. Alipokuja Kanada akiwa bado msichana, mwalimu wa michezo akaona mikono yake, chuo kikamsomesha kwa sababu ya mikono hiyo, na baada ya kuanguka mara kadhaa akafaulu majaribio ya kuingia kwenye mashindano ya wanawake ya Ulaya. Nafasi ilikuwa ya msimu mmoja. Waliofanya vizuri mwisho wa msimu wangebaki. Waliobaki chini wangerudi kwenye majaribio, na Shangazi alikuwa ameshatuambia hana moyo wa kurudi huko tena.

Msimu ulianza sisi bado tunazoa theluji mlangoni. Mashindano yalichezwa Alhamisi mpaka Jumapili, wiki hii nchi hii, wiki ijayo nchi nyingine, na kwa kuwa Ulaya mchana wao ni alfajiri yetu, Bibi aliamka kukiwa giza. Nilikuwa naamshwa na harufu ya hiliki. Alikanda maandazi usiku, akayachoma asubuhi, akabandika chai ya maziwa yenye tangawizi ya kuwasha koo, kisha akajitandaza kwenye kochi na kanga mbili juu ya sweta. Mimi nilijichomeka chini ya kanga hizo. Nikisema kitu kwa Kiingereza alijifanya kiziwi mpaka nikirudie kwa Kiswahili, na hivyo ndivyo nilivyoijua lugha hii ninayokuandikia. Wenzangu wa Malvern waliozaliwa huku wanaielewa tu, kuijibu hawawezi.

Tatizo ni kwamba kamera hufuata wanaoongoza, na Shangazi hakuwa miongoni mwao. Kwa hiyo tulitazama asubuhi nzima mchezo wa mtu asiyeonyeshwa. Kazi yangu ilikuwa kukaa na kompyuta ya baba, kubonyeza mara kwa mara, na kumsomea Bibi jina la mwanawe lipo wapi. Ijumaa palikuwa na mchujo, nusu ya wachezaji wanafungasha, na Bibi hakutia kitu kinywani mpaka matokeo yatoke. Siku za shule nilichelewa kwa ajili hiyo, hadi mwalimu akachoka kuniuliza. Wakati wa kiangazi, siku moja, mgongo wa Shangazi ulipita nyuma ya mchezaji mwingine, na mfuko wa fimbo begani. Bibi alipiga kigelegele mpaka jirani yetu, mama wa Kijamaika, akagonga ukuta. Baadaye jirani alipoelezwa sababu, akaja na sahani ya samaki, akaketi nasi kumsubiri yule mtu asiyeonekana.

Jumamosi mchana tulimenya ndizi za mtori. Bibi alinipaka mafuta mikononi ili utomvu usinishike, na huku tukimenya ananieleza uwanja wa Moshi ulivyokuwa na umande asubuhi, Babu anavyorudi suruali imelowa mpaka magotini. Kila Jumapili jioni Shangazi alipiga simu. Bibi hakuwahi kumuuliza ameshika nafasi ya ngapi. Alimuuliza amekula nini. Nilikuwa na furaha mwaka ule, na sikujua kama ni furaha. Nilidhani nyumba zote ziko hivyo.

Majani yalipoanza kuanguka Bibi akaanza kuvimba miguu. Moyo ulikuwa umechoka. Akalazwa, akatolewa, akalazwa tena, na mara ya mwisho akaomba arudishwe nyumbani. Baba akakishusha kitanda chake sebuleni, kikaelekezwa kwenye televisheni. Yalikuwa yamebaki mashindano ya mwisho, kule Hispania, na Shangazi alikuwa ukingoni kabisa, akifanya vizuri anabaki, akiteleza anatoka. Bibi akamwita baba mbele yetu sote.

"Asiambiwe kitu," alisema. "Amalize Jumapili, ndipo mumwite."

Hakuna aliyebisha, kwa sababu hata bila amri yake tungefanya hivyo hivyo. Wewe unazijua desturi zetu. Mtu aliye mbali, peke yake, hapelekewi habari nzito kwa simu. Anaambiwa kuna homa kidogo, anaitwa nyumbani, anakalishwa, watu wa kumshika wanamzunguka, ndipo anaambiwa. Na kwa kuwa wote tunajua hivyo, mtu wetu akiwa ugenini husikiliza zaidi yale yasiyosemwa.

Ijumaa ile Shangazi alipita mchujo, tena akiwa karibu na vinara. Kwa furaha hakusubiri Jumapili, akapiga simu. Akina mama wa kanisani walikuwa wamekuja kumwombea Bibi. Sebule imejaa, wanaimba tenzi kwa sauti ya chini. Baba alikimbilia jikoni na simu, akavuta mlango. Nilimsikia akisema mama ana mafua, amelala, usimsumbue. Halafu akasema, kwa upole ambao sijawahi kumsikia nao kwa dada yake, kwamba amalize kazi yake, mdogo wangu, sisi tupo.

Jumamosi kamera zikampata. Msimu mzima tumemtafuta, na sasa akajaa kioo chote, kofia nyeupe, uso umekonda. Mama alikuwa kazini, kwenye nyumba ya wazee alikokuwa anahudumia, kwa hiyo tulikuwa Bibi, baba na mimi. Bibi alikuwa macho kabisa. Shangazi alipiga mpira mzuri, watu wakapiga makofi, naye akageuka kando, akavua glavu na kujifuta macho. Shimo lililofuata akajifuta tena.

"Mbona mwanangu analia?" Bibi aliuliza.

Baba akasema ni jasho, huko kuna jua. Bibi akamgeukia.

"Huyo nimemzaa mimi. Akimaliza leo nipeni simu, nizungumze naye."

Baba akapiga magoti kando ya kitanda, akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema asiambiwe, na imebaki siku moja tu, kesho watazungumza mpaka wachoke. Bibi aligeuza uso kwenye televisheni na kuendelea kutazama hata kipindi kilipobadilika, wanaume wanavua samaki ziwani. Nilitamani kuichukua ile simu, lakini nilikuwa mtoto, na simu ilikuwa mfukoni mwa baba.

Alifariki Jumapili asubuhi, Shangazi akiwa bado uwanjani. Baba alizima televisheni. Mimi nikabaki na kompyuta mapajani, nikabonyeza kwa mazoea, nikaona Shangazi amemaliza vizuri na nafasi yake ya mwaka ujao ameipata. Sikuwa na wa kumsomea. Jioni baba akampigia, akamwambia mama amezidiwa, apande ndege.

Tulimpokea uwanja wa ndege Jumatatu, sisi na akina mama wa kanisani wamejipanga tayari kumshika. Hakuanguka wala hakulia. Alimkumbatia baba akasema, "Pole, kaka. Mmeshazika?"

Baba alishtuka. Akamuuliza watamzikaje haraka hivyo, na mama amefariki jana.

"Jana?" Shangazi alisema. Akarudia tena, "Jana?" Kisha akaketi sakafuni, juu ya begi lake la fimbo, na hapo hata wale akina mama hawakumweza. Baadaye kanisani ilisemwa kwamba ana moyo mgumu, anauliza mazishi kabla ya machozi. Shangazi hakurudi Ulaya. Ile nafasi iliyokuwa imemgharimu maisha yake aliiacha ikaisha yenyewe, na sasa ana kazi ya bima huko Vaughan, huendesha gari kupita viwanja vya gofu kila siku bila kugeuza shingo.

Basi nilipotoka gereji nilikwenda kwake. Nilimwambia nilichokiona ukutani, na kwa mara ya kwanza akazungumza.

"Nilisikia wanaimba," alisema. "Kaka yangu ananibembeleza, nyumba imejaa wanawake wanaimba, siku ya kazi. Nikajua mama ameondoka, mnanificha ili nimalize. Ningepanda ndege Ijumaa ile ningemkuta hai. Lakini nilijiambia, ameshakufa, la haraka ni lipi tena? Acha nimalize, ndivyo alivyotaka. Nikamlilia siku mbili uwanjani na mama bado anapumua."

Nilishika mkono wake. Kwa miaka yote hii nilidhani aliacha gofu kwa sababu ya huzuni. Nyumba ya Malvern imeuzwa, wale akina mama wa tenzi wametawanyika, wengine Alberta, wengine makaburini, na sebule ile imebaki kichwani mwangu peke yangu.

Kisha akauliza, huku anatazama dirishani. "Jumamosi alikuwa anajitambua? Aliniona?"

"Hapana, shangazi," nilimwambia. "Alilala siku nzima. Wala hatukuwasha televisheni."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda jikoni kuniongezea chai. Kama aliniamini sijui. Kwetu sisi si rahisi kujua. Baba naye ameshatangulia. Hakuna mwingine aliyemsikia Bibi akiiomba ile simu, na wewe nimekuambia kwa sababu humjui Shangazi, wala hutakutana naye.