Kamba ya Shingoni

Juzi sokoni Tarime nilinusa kamba ya ngozi mbichi, nikajikuta nimeshika shingo.

Tangu utotoni, nikiona mtu au mnyama anaguswa, nami nahisi mwilini mwangu. Siku moja nikiwa mdogo, baba alimfunga ng'ombe kamba shingoni ili mshipa utokeze, autoboe kwa mshale, tupate damu ya kuchanganya na maziwa. Alipoikaza, koo langu likabana.

"Baba, legeza! Inanikaba!"

Baba wadogo wakacheka. "Binti yako mwoga huyu."

Baba akalegeza kidogo. Ng'ombe akaacha kukoroma, nami nikapumua. Baba alitutazama, mimi na ng'ombe, ndipo akachukua mshale.

Kesho yake asubuhi jirani aliyeshuhudia akapiga hodi. "Mzee, niazime huyo binti. Leo namtoa damu ng'ombe wangu."

Nikatangulia mbele, shingo juu.