Mihogo ya Pembeni

Juzi mdogo wangu alinipigia simu kutoka Kongowe: amekaanga mihogo, niende tukale. Nilienda, maana kutoka kwangu Mkuza si mbali. Lakini kabla ya kuonja nilimuuliza imetoka shamba la nani, akanicheka kama kawaida yake. Yeye hakumbuki. Mimi nakumbuka, wewe acha tu.

Tulihamia Mzenga nikiwa na miaka tisa. Tulitoka Mbulu, kwenye baridi na mahindi, baba akitafuta malisho ya ng'ombe wake. Huku Pwani kila kitu kilinitisha: joto linalonata mwilini, kelele za nyani, na zaidi ya yote watu. Nilishawasikia wakisema wafugaji wanalisha mifugo yao mazao ya wenzao. Kila asubuhi mama alituonya tusiguse cha mtu, tutafukuzwa.

Bibi jirani ndiye aliyetupokea vizuri. Alituruhusu kuchimba mihogo shambani kwake, ila akasema, "Ile ya pembeni muiache." Hakueleza kwa nini. Kwa wenyeji hilo lilijulikana na kila mtoto: pembeni hupandwa mihogo michungu ili nguruwe pori wakate tamaa, na hailiwi mpaka imenywe maganda, ilowekwe, ianikwe iwe makopa. Sisi wageni tuliona ni uchoyo.

Mchana mmoja baba alikuwa machungani, mama kisimani, na njaa ikatushika. Nikachimba ile ya pembeni kwa sababu ilikuwa karibu, tena minene. Tukaitafuna mbichi. Wangu ulikuwa mchungu, nikautema, nikampa mdogo wangu amalizie. Alikuwa na miaka minne na hakuwa mchaguzi.

Haukupita muda akaanza kutapika, kisha miguu ikamlegea. Bibi jirani alisikia kilio changu, akaja mbio huku khanga ikimdondoka.

"Amekula nini huyu?"

"Sijui, bibi."

Niliogopa, rafiki yangu. Niliona ng'ombe wetu wakiswagwa kutoka kijijini na baba akitukanwa mbele ya watu. Bibi akauliza tena, nikatikisa kichwa. Macho ya mdogo wangu yalipoanza kupinduka ndipo nikanyoosha kidole kuelekea pembeni mwa shamba. Bibi hakunigombeza. Alimbeba mgongoni, akasimamisha bodaboda, wakaenda zahanati. Nilikaa chini palepale mpaka waliporudi, mtoto amelala begani kwake.

Mama alipouliza, bibi alimjibu, "Kosa langu, mwanangu. Sikuwaambia kuwa ni michungu."

Lile shamba limekatwa viwanja siku hizi. Nyani hawasikiki tena, na watoto wa pale wakiona makopa huuliza ni kitu gani. Bibi alizikwa nikiwa masomoni mbali, sikuwahi kumshukuru. Yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba aliniuliza mara mbili, nami mara zote mbili nikamdanganya. Mdogo wangu sijamwambia mpaka leo.